Itajazwa Baadaye

Ulizaliwa Oulu, mwishoni mwa Novemba,
saa tisa alasiri, nje tayari giza,
mistari sitini na miwili, hamsini mitupu.
Nilikupa jina kabla hujapata mwili:
kipimashinikizo, namba 4107, bomba la rojo,
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha karatasi
ambacho bado kilikuwa msitu wa misonobari
na kigingi kimoja chenye utepe mwekundu.

Toleo A. Kangasniemi wa idara ya mchakato
alinitajia shinikizo kwa simu, huku anatafuna:
"Sita. Andika baa sita. Labda nane."
Nikaandika sita, na ile labda nikaimeza.

Kwenye mstari wa thelathini na nne,
baridi ya chini kabisa ya mahali,
nikaandika: itajazwa baadaye.
Neno jepesi. Mizani haitikisiki.

Toleo B, sita ikawa nane.
Toleo C, bomba likahama, likapitishwa nje ya ukuta
ili kuokoa mita kumi na moja za chuma.
Mchoro ukajua. Fundi wa mabomba akajua.
Wewe hukuambiwa.

Raili Tuomikoski, mtunza hati,
mwanamke wa kalamu nne za rangi nne,
alikugonga muhuri na pengo lako,
akanitazama juu ya miwani:
"Baadaye ndiyo tarehe ngapi?"
Nikacheka. Tulikuwa tunawahi zabuni.

Wauzaji watatu walikusoma.
Wawili walilijaza pengo kwa ukimya.
Wa tatu, kijana wa Tampere, aliuliza kwa barua;
bei yake ilikuwa juu, tukamwacha na swali lake.

Chuma kikaja ndani ya sanduku la mbao,
namba yako imechongwa kwenye kibati.
Mkafanana kama mtu na kitambulisho chake:
sura ni yake, ila si ya mwaka huu.

Kisha Januari. Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Kijibomba kinachokuletea habari,
chembamba kama kidole cha mwisho, kiliganda,
na kipimo kikasema baa sita nukta mbili,
sita nukta mbili,
sita nukta mbili,
usiku kucha, kimetulia kama mwongo aliyezoea.
Veikko wa zamu akakiamini. Asikiamini kwa nini?
Saa kumi alfajiri gasketi ikapasuka,
rojo jeupe likamwagika juu ya theluji nyeupe.
Hakuumia mtu. Ndilo swali nililouliza kwanza;
la pili nililiogopa.

Raili alinitolea faili zote, bila neno.
A, B, C, sifuri, moja, na lile la mwisho
lililoandikwa "kama kilivyojengwa".
Matoleo sita, sahihi kumi na saba,
na mstari wa thelathini na nne
umenakiliwa kwa uaminifu kila mara.

Leo nimeujaza. Hasi arobaini.
Waya wa joto umezungushwa, juu yake koti la sufi ya mawe.
Safu ya sababu ya mabadiliko
ina nafasi ya herufi thelathini tu.
Nimeandika "baridi", nikafuta,
nikaandika "Sirkka Ylitalo hakuuliza".
Ikaenea.

Raili akanipa kalamu nyekundu
nilikate lile neno la zamani.
"Mstari mmoja," akaonya, "mwembamba.
Lazima liendelee kusomeka."