Chokaa

Ukuta wa nyumba yetu, Micheweni, ni mweupe
hata usiku wa giza. Wageni husifu.
Mie hulala nimeupa mgongo.

Mjaka alikuwa na miaka tisa,
jino moja la mbele halijaota.
Baba alimtuma mikokoni akalete panga
alilolisahau, limekita kwenye mchu.
Lilikuwa bamvua, maji yanajaa.
Panga lilipatikana.

Baba hakulia. Khitma ya arubaini ilipokwisha,
mikeka haijakunjwa, alishuka na shoka:
mkoko, mkandaa, msinzi, mlilana,
mmoja mmoja, kama hakimu ahojiye mashahidi,
na kila shahidi akanyamaza, akaanguka.
Alikata hata vichanga visivyofika goti.
Watu wakasema: mwacheni, ana msiba.
Watu wale wale wakasema: kuni hizo zitafaa tanuu.
Ndivyo majonzi yapatavyo wanunuzi.

Siku tatu liliwaka. Chini magogo,
juu matumbawe yaliyong'olewa kwa mtaimbo,
mengine yangali na utelezi wa uhai,
yakipasuka motoni, moja, halafu kimya, halafu moja.
Mama aliingia ndani akaziba masikio.
Mie sikuziba. Nilikuwa nahesabu.

Chokaa ikaenda Wete, ikaenda msikitini.
Ndoo mbili zikabaki kwetu.
Baba akapaka ukuta kwa burashi ya makumbi
usiku kucha, kama mtu afutaye maandishi.
Niliugusa ungali mbichi. Kovu hili hapa.

Kisha bahari ikaja.
Msinambie bahari ina hasira;
hasira naijua, ilikula nasi chakula cha usiku
miaka kumi na minne, sahani moja.
Bahari ilikuja kama mtoto arudiye kwao
akakuta ua umevunjwa,
hapana wa kumwambia apige hodi.
Bonde la mpunga likaota chumvi.
Kisima tukawaachia vyura;
vyura nao wakahama.

Baba, macho yalipokwisha kuzimika,
aliniuliza jioni moja:
"Panga lipo?"
Nikamwambia lipo.
Akasema, "Basi."
Sikurithi kingine.

Siku hizi nashuka maji yakipwa,
na kikapu cha miche ya mkoko.
Bwana Haroub wa kikundi cha mazingira
ana daftari lake na kalamu ya sikioni:
leo mia mbili na sita.
Anasema sina mfano, nina mkono wa baraka.

Hajui.
Kila mche nauzamisha mpaka kiwiko kifunikwe,
na kabla sijautoa mkono
napapasa, huko chini kwenye baridi,
kidogo tu,
kama mtu aliyeangusha sindano mkekani
na hataki wenziwe wajue.

Tope hunishika vidole.
Hunishika, kisha huniachia.
Nachukua mche mwengine.