Kiputo Nilichokikosa

Kazi yangu, miaka ishirini na sita, ni kutazama.
Bilauri inanifikia imekwisha kupoa,
naiinua kwenye taa, naizungusha kwa vidole viwili,
na nikiona kiputo, hata kiwe punje ya ulezi,
naichora msalaba kwa chaki, ndoo inaipokea.
Hapa Nový Bor hakuna fundi anipendaye
siku ya mshahara.

Kaka yangu Zbyněk ni mpulizaji.
Kifua chake, walisema, ni mivukuto ya mhunzi.
Kwa pumzi moja hutoa birika la lita tatu,
shingo imesimama, mashavu mekundu,
kioo kikiwaka mwishoni mwa bomba kama yai la jua.

Kisha kikaja kikohozi.
Daktari wa kwanza alisema ni baridi, akampa vidonge.
Wa pili alisema ni vumbi la mchanga, tulitarajia nini?
Wa tatu hakusema. Alimtazama
kama mtu anavyotazama bili.
Krismasi ile kipande cha samaki kilimkwama,
akanywa maji, maji nayo yakasita,
sote mezani tukajifanya tunasikiliza redio.

Liberec wakampiga picha.
Nyuma ya moyo palikuwa na kivuli,
duara, kikubwa kama limau,
ukingo wake laini, umekamilika.
Daktari Havlenová akauzungushia kalamu:
"Saratani haina adabu namna hii.
Hiki umezaliwa nacho."
Akaeleza polepole, kama anayetafuta funguo mkobani:
wiki ya tano, labda ya sita,
ulipokuwa mdogo kuliko njegere,
bomba la pumzi lilikuwa linachipua matawi;
chipukizi moja likakatika,
likajifumba, likabaki na ute wake, gizani.

"Miaka arobaini na tisa," alisema Zbyněk,
"kumbe nina mpangaji, na kodi hajalipa hata senti!"
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Mama hakucheka.
Usiku nilimkuta jikoni akihesabu kwa vidole:
wiki ya tano, wiki ya sita...
"Nilikuwa napandisha makaa ghorofa ya nne," alisema.
"Ndoo mbili mbili. Ni makaa?"
Si makaa, Mama.
"Au ile siki ya matango?"
Si siki. Hukufanya kitu.
Akaanza kuhesabu upya.

Matundu matatu kati ya mbavu, na kamera nyembamba.
Kwanza wakakifyonza: uji mzito, wa kijivu.
Kisha ukuta wake, na hapo ndipo ilipokuwa kazi,
maana ulikuwa umegandamana na umio
kama karatasi iliyolowa juu ya karatasi,
na ukiacha kipande kinene, baada ya miaka kinajaa tena.
Saa nne na nusu.
Nilimaliza kahawa tano za mashine.
Nilisimama dirishani nikikagua kioo cha hospitali:
viputo viwili, pembe ya chini, kushoto.

Majibu ya maabara yalikuja Jumanne.
Chini ya hadubini, ndani ya kile kifuko,
waliona vinyweleo vimejipanga safu kwa safu
kama vya koo lolote, tayari kufagia vumbi
lisilowahi kufika.
Na kipande cha gegedu, kikijaribu kuwa pete.
Niliisoma karatasi ile ndani ya basi,
nikapitiliza kituo.
Koo dogo, nusu karne,
likingoja pumzi ya mtu aliyeishi kwa kupuliza,
na pumzi ikipita pembeni, kila siku,
umbali wa kucha.

Mimi niliyekula naye meza moja.
Mimi ninayeona punje ya ulezi.

Mei alirudi tanuruni, wakampa bilauri ndogo za mvinyo.
Ya kwanza ilikuja mezani kwangu ikiwa bado vuguvugu.
Naye akanifuata, akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni.
Nikaiinua kwenye taa.
Kilikuwepo, karibu na kitako.

Nikaichora msalaba.
Alinitukana, mimi, mashine zangu na chaki yangu,
sentensi ndefu, haikukatika mahali.
Nilimwacha amalize.