Mabegani

Kanisani kwetu Huruma, ukutani juu ya madhabahu,
yuko mchungaji wa rangi ya mafuta:
kanzu nyeupe isiyojua kishona nguo,
mwanakondoo shingoni kama mtandio.
Nimemtazama miaka mitatu.
Hanuki.

Baba hunuka.
Hufika na lori la Merille saa tisa usiku,
mbuzi mia na kumi, naye kasimama katikati yao
tangu jana mchana, akiinua kila anayelala,
maana alalaye hukanyagwa.
Si wake tena. Wake walikwisha.
Siku hizi hulipwa kwa kichwa kinachofika hai.

Alfajiri ile nilimpelekea chai Kiamaiko.
Mtaroni maji na damu vilikwenda pamoja,
mama wa matumbo akipuliza jiko lake.
Baba akamshusha wa mwisho, mwenye sikio lililochanika,
mguu wa mbele umevunjika kwenye matuta ya Isiolo,
akamweka mabegani,
miguu miwili huku, miwili kule,
akapita naye kati ya mikokoteni
akimnong'oneza Kisamburu,
maneno yale yale aliyonipa mimi nilipougua surua.

Baba, unambeba kumpeleka wapi?
Mlango wa machinjio ulikuwa wazi, hatua hamsini.
Hakusimama.
"Mguu unauma leo," akasema. "Kisu bado."

Jumapili, mchungaji wetu mwingine,
huyu wa tai na kipaza sauti,
alituhubiria juu ya yule aliyekufa ili kundi liishi.
Nikahesabu kwa vidole chini ya Biblia:
kidato cha kwanza, mbuzi tisa;
cha pili, kumi na mmoja na beberu;
cha tatu ukame ulitangulia, tukakopa;
chuo cha uuguzi, waliosalia zizini,
hata yule mweupe aliyezaa pacha mwaka wa nzige.
Kwetu lilikufa kundi.
Watu wakasema amina. Mimi nilichelewa,
nikaisema peke yangu, wakageuka.

Usiku huo nilikuwa zamu.
Mzee Lolmodooni, kitanda cha saba,
daktari alishafunga faili lake.
Nikampitishia mkono chini ya mgongo,
nikamgeuza ubavu, nikapaka mafuta kidondani,
taratibu, kama mtu mwenye siku nyingi mbele.
Akafumbua jicho moja.
"Binti," akasema, "una harufu ya mbuzi."
Nikanusa bega la sweta.
Kweli.