Ukurasa wa Matunda

Hakunisalimu kwa mdomo. Alinisalimu kwa kidole,
akakiweka juu ya picha ya kiatu,
kisha akavua kubazi moja, soli imeachama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kitabu chenyewe kidogo, cha kuingia mfukoni,
picha tele, na chini ya kila picha
neno la kwao Italia.
"Scarpa," nikasoma kwa shida, uzi wa katani mdomoni. Skarpa.
Akapiga makofi,
Barabara ya Kumi na Mbili nzima ikageuka
kutazama nilichofanya.

Basi tukaanza kuzungumza,
yeye akifunua, mimi nikitafuta.
Nilitaka kumuuliza katokea wapi: nikapata ndege,
treni, jamaa anayeburuta sanduku.
Nilitaka kumwambia jua kali, sogea kivulini:
nikapata mwavuli, naye akatazama juu
akitafuta mvua.

Kwenye ukurasa wa matunda tulikwama.
Tunda lenye shingo, rangi ya ndimu iliyoiva,
na chini yake, wallahi, limeandikwa "pera".
Hili si pera, nikamwambia. Mmedanganywa.
Nikamtuma Kibwana mbio Mgandini,
akarudi na pera la kweli, jekundu ndani,
mbegu zake za kukwama menoni.
Akalinusa. Akaling'ata. Akaandika kitu pembeni kwa penseli,
na hadi sasa sijui aliyesahihishwa ni nani.

Nikarudi kwenye makubazi.
Makubwa, ya kiume, namba arobaini na nne,
na mguu wake haufiki thelathini na nane.
Visigino vimelika upande wa nje,
mwendo wa mtu mwingine.
Nikafunua ukurasa wa maduka, nikamwonyesha viatu vya kike,
vya buluu: tupa haya, nunua hivi.
Akatikisa kichwa. Akapekua mpaka kwenye familia,
akamgusa mwanamume mwenye sharubu.
"Papà."

Mimi nikacheka! Papa, hapa Tanga,
anakaushwa kwa chumvi, ananuka hadi mtaa wa pili!
Nikamchorea mkia hewani, nikamchorea na meno.
Hakucheka.
Aliweka dole gumba juu ya yule mwenye sharubu
akamfunika mzima,
wakabaki mama, na watoto, na mbwa.

Nikapekua kile kitabu mwanzo hadi mwisho,
hospitali, polisi, mkate, kitanda cha watu wawili.
Pole haimo.
Hakuna aliyeweza kuichora, wala simlaumu mtu.
Nikaisema tu, pole, pole sana,
naye akaitafuta usoni mwangu
kama anayetafuta namba ya nyumba.

Gundi ilitaka kulala ndipo ishike. Na kesho nayo haimo.
Nikazamisha jua kwa mkono mmoja, nikalichomoza kwa mwingine,
nikanyoosha vidole viwili: saa mbili.
Nikampa kandambili za mke wangu, akaenda nazo.

Saa mbili asubuhi niko pale. Soli nimeishona uzi mara mbili,
visigino sikuvigusa.
Saa tatu. Saa nne.
Mbwana muuza kahawa akanitania: ndugu yangu,
kandambili za Mwanakombo zimeshafika Ulaya.
Saa nane kamili ndiyo huyo, anahema, amelowa jasho,
ananionyesha saa ya mkononi, mshale mfupi uko kwenye mbili.
Ni kweli. Kwake ilikuwa mbili.

Alipofungua pochi nikakataa, akalazimisha,
nikachukua ya gundi.
Akavaa ya baba yake, akajaribu hatua tatu,
na kisigino kikaenda upande
kule kule kilikozoea.

Jina ndilo lililobaki. Kibwana akipita anaita Skarpa,
na wateja wamelishika hilo hilo.
Ukija Ngamiani usiulizie Fundi Sechambo.
Hakuna anayemjua.