Chini ya Kiwango

Chuoni walinifundisha mizania:
pande mbili zilale sawa,
na zisipolala, kosa ni lako, litafute.
Hawakunifundisha viatu.
Marjukka ndiye aliyenitazama miguu
asubuhi ile ya tarehe thelathini na moja,
akafungua nyuma ya gari, akanitupia mabuti ya mumewe
na soksi mbili za sufu.
"Mkaguzi mwenye baridi," alisema, "huhesabu haraka."

Kajaani, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Kiwanda cha mbao kimefunga mwaka, misumeno imenyamaza.
Jua litachungulia saa nne, saa nane litaaga.
Kazi yangu: orodha mkononi, niende kwenye marundo;
kisha nigeuke, nitoke kwenye marundo nirudi kwenye orodha,
maana kilichoandikwa huenda hakipo
na kilichopo huenda hakikuandikwa.

Taisto, mtunza ghala, alitangulia na ufagio.
Alipangusa theluji kwenye vibandiko, mimi nikasoma,
yeye akatazama pembeni
kama mtu anayesubiri daktari amalize kumpapasa.
Miaka thelathini na minne uwanjani hapa.
Mimi, wiki ya tano ya mafunzo.
Wino wa kalamu yangu uliganda.
Akanipa penseli ya seremala, bila neno.
Nikaweka vema. Nikaweka vema.
Nikaweka vema.

Safu ya kumi na saba: msonobari, marobota arobaini na moja.
Nikakuta thelathini na nane.
Nikahesabu tena kwa kidole, tena kwa sauti,
tena nikizunguka nyuma, theluji ikiniingia
kwenye mabuti ya mume wa mtu.
Thelathini na nane.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Lakini hapa daftari lipo, tena lina mhuri;
mali ndiyo haipo,
na habari imesimama kando yangu, imeshika ufagio.

"Andika unachokiona," alisema Taisto.
Kisha, akiufagilia ubao ambao hauna theluji:
"Paa la Raili liliporomoka Oktoba.
Bima ikamwambia asubiri.
Theluji haijui kusubiri."

Ofisini, kahawa ya nne.
Marjukka akapiga hesabu:
marobota matatu, yuro elfu moja mia mbili na ushee.
Kiwango chetu kilikuwa elfu arobaini.
Chini ya hapo, tofauti ni vumbi; huandikwa, hupitwa.
"Iko chini ya kiwango. Andika maelezo, tuendelee."
"Maelezo gani?"
Alivua miwani, akaifuta
kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.
Nilikumbuka ukumbi wa mihadhara, mada ya sita, slaidi ya kijani:
kosa lina kiwango, wizi hauna.
Nilipata alama tisa kwa kumi katika swali hilo.
Swali halikuwa na paa.

Nikaandika:
Yaliyoonekana, 38. Pungufu, 3.
Mtunza ghala ameeleza kuwa yalitolewa bila hati.
Nikafuta "ameeleza." Nikairudisha.
Jina la Raili sikuliandika,
kwa kuwa Raili sikumhesabu.
Usiku huo watu wakarusha fataki juu ya mto ulioganda,
nami nikalala na soksi za sufu, miguu imepona,
kitu kingine bado kina ganzi.

Februari, nikituma barua kwa wadaiwa,
nilikuta jina jipya mwishoni mwa leja:
Taisto, yuro hamsini kila mwezi.
Menejimenti imekubali, ilisema nukta moja ya kumbukumbu.
Nikamwandikia kama wengine wote:
Tafadhali thibitisha salio lililo hapa chini.

Jibu lilikuja kabla ya yale ya makampuni makubwa.
Salio ni sahihi, sahihi yake,
na chini, mahali pasipo na kisanduku:
Halivuji.

Nikalitoboa matundu mawili, nikaliweka kwenye faili, nikalipa namba.
Mifumo yote siku hizi ni ya kompyuta.
Vema lile niliweka kwa penseli.