Mbeleko

Chujio la kampuni limekwama forodhani Mombasa,
basi mafuta nayachuja kwa leso ya marehemu shangazi,
mara nne, hadi kitambaa kiache kushika uchafu,
hapa Wilson, saa kumi na moja alfajiri,
taa ya bohari ikikonyeza kama yenye deni.

Mafuta ya taa. Yale yale
yaliyotupikia uji Kariobangi kwenye jiko la tambi,
yakatuachia masizi puani hadi shuleni.
Sasa namimina lita kumi na saba
mgongoni mwa Nzilani,
naye amesimama wima, miguu kaitanua,
kama mtoto anayefungwa vifungo vya sweta.

Kwenye karatasi za wizara ni
Mtambo wa Uokoaji Milimani, wa Mtu Mmoja.
Sisi tunauita mbeleko.
Otuoma fundi ndiye aliyeanza, kwa dhihaka:
mbeleko gani hii, inambeba mama
na mtoto hana pa kukaa?

Na ndivyo ulivyo. Haubebi wawili.
Dakika nne za moto, basi.
Anayekwenda huenda na blanketi la karatasi ya fedha,
dawa ya maumivu, chupa ya chai
na mikono yake.

Mlima wenyewe twauona siku moja moja,
kutoka juu ya tangi la maji, mvua ikishaosha anga:
jino jeupe, kisha mawingu yanafumba mdomo.
Huko hewa ni nyepesi, injini zitakohoa.
Tunajifunzia machimboni Njiru,
ambako ukuta wa jiwe umekatwa wima
na mbuzi wamekwisha kutuzoea.

Jumanne mvua iling'oa ngazi ya machimbo.
Shikuku, mchonga mawe, akabaki ukingoni,
mita ishirini na mbili juu ya maji ya tope,
mguu chini ya jiwe alilolikata mwenyewe.
Hatukuulizwa kama tumemaliza mafunzo.

Kazi yangu ni kuhesabu redioni.
Kumi. Ishirini. Thelathini.
Sekunde ya arobaini na moja Nzilani alikuwa juu,
matope yakitawanyika kama kuku waliotimuliwa.
Injini zikanyamaza.
Nikasikia mvua tu, kwenye kofia yake ngumu.

"Nimefika," akasema.
Halafu, kwa sauti isiyo ya redio:
"Sasa?"

Akauvua. Ukanda wa mbeleko
akaukaza juu ya goti la mtu.
Shikuku akauliza, uko peke yako?
Niko peke yangu. Wenye kamba wanakuja kwa miguu.
Akauliza, mawe yangu ya leo sitini na moja,
nani atayahesabu?
Nzilani akageukia rundo ng'ambo ya shimo,
akaanza, kwa sauti, jiwe kwa jiwe,
nami, nisiye na dakika tena za kuhesabu,
nikahesabu nao.

Saa mbili na nusu.
Walirudia mara sita, na kila mara yalikuwa sitini.
Waligombana juu ya hilo hadi machela ilipofika,
hadi Nzilani alipokumbuka
lile la mguuni.

Usiku nimekamua tangi: lita kumi na nne.
Leso nimeianika kwenye waya wa bohari.
Harufu haitatoka, najua. Jina lake bado lasomeka:
MWENYE HARAKA NA ATANGULIE.
Otuoma amelisoma, hakucheka.
Amekwenda kukata ukanda mpya,
mrefu kidogo kuliko ule wa kwanza.