Konzi Thelathini

Mji wetu wa Aizawl umening'inia mgongoni mwa mlima
kama mtoto aliyebebwa.
Hapa mwanamke akipima mchele wa chakula
huchota konzi moja, akaitia kopo la kanisa.
Mama alifanya hivyo, na mama wa mama.
Miaka ya njaa konzi ilipungua, haikukoma.

Jumamosi Pi Thangi alikuja na gunia,
akihema kwa ngazi mia na arobaini za mtaa wetu.
Nikampa kopo. Akalimimina.
Mchele ulitangulia, mweupe kama ahadi,
kisha kokoto: ka, ka, ka,
kokoto za barabarani, zimeoshwa.

Zimeoshwa! Hilo ndilo lililoniuma,
kwamba mwanangu wa miaka tisa
alikaa mahali akaziosha.

Pi Thangi hakusema neno. Alifunga gunia
kwa ule upole unaochoma kuliko kelele.

Muana alikuwa chini ya nyumba, kati ya nguzo,
na gololi sita mpya
za rangi ya bahari tusiyoijua.
Nilimzaba kofi kabla sijamuuliza.
Nayasema haya wazi, nisije nikajifanya
mama mwema wa kwenye mahubiri.

Kisha nikaenda nyuma ya mlango.
Mwanzi wa baba yangu ungalipo pale,
umelainika mahali pa kushikia;
urefu wake naujua kwa miguu yangu.
Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alichapa akiomba,
pigo, aya, pigo.
Hadi leo nikisikia "Baba yetu"
misuli ya miguu hukaza kwanza,
ndipo moyo usikilize.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye.
Sawa. Lakini mchele umeshauzwa, mwana analia,
na mimi mwanzi mkononi nalia pia:
sasa nichelee lipi?

Nikaketi. Mvua ikaanza kuchapa bati,
hiyo ndiyo iliyochapa siku ile.
Nikamwaza mchungaji na kondoo wake mmoja wa mia.
Yule kondoo, aliporudi zizini,
alikuwa na alama za fimbo ubavuni,
au unyevu wa jasho
la shingo iliyombeba?

Nikamwita. Akaja, shavu moja jekundu.
"Kofi lile lilikuwa la aibu yangu,
si la kosa lako. Nisamehe.
Kosa lako lingalipo. Keti tulitazame."

Hakukaa. Aliutazama mwanzi.
"Ngapi?" akauliza.
"Konzi thelathini," nikasema.
Akafumba macho, akainamisha kichwa,
akiningojea vifundo vya vidole.
Ee Bwana, alivyozoea haraka kuinama!
Nikamshika mkono, nikaukunjua:
"Za mchele, Muana. Kutoka sahani yako."

Kesho yake alipanda kwa Pi Thangi kukiri.
Nilimfuata ngazi zote, sikumsemea.
Alisema nusu, akakwama, akasema iliyobaki.
Yule mama akampa chai,
akamtuma achote maji tangini.

Usidhani malaika waliimba.
Konzi ya tisa alidai ni ya kumi na moja.
Nikamwambia, "Ya tisa."
Siku moja alinuna hadi wali ukapoa.
Na mimi, kwa kofi langu, nilitoa zangu kumi;
alizihesabu kwa sauti,
hakunisamehe hata moja.

Ya thelathini aliichota kwa mikono miwili.
"Konzi ni ya mkono mmoja," nikamkumbusha.
"Mkono wangu mdogo," akasema, akamimina.

Kopo limerudia sauti yake ya zamani.
Hata hivyo, jioni, wote wakilala,
mimi hulinyanyua, nikalitikisa karibu na sikio.
Huko kwa kutotikisa
neema haijanifikisha bado.